Diploma ya kompyuta ukiwa Mtwara au Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanarudi kila msimu wa udahili. Yanakuja kwa simu, yanakuja dirishani steshenari, na hata msibani kuna mtu atakuvuta pembeni akuulize "ivi mwanangu ana D tano anaweza kusomea kompyuta?" Kwaiyo nimeyaandika sehemu moja. Nimeyapa namba ili nikisema angalia swali fulani uende moja kwa moja.

## Mwanzo kabisa

1. Diploma ya kompyuta ni kitu gani hasa?

Ni stashahada, ngazi ya 6 ya NTA (tuzo za ufundi za taifa). Huu mfumo wa NTA unasimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, wale wa zamani tuliowazoea kama NACTE. Ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 ni astashahada, ya 6 ndo diploma yenyewe. Kila ngazi ina krediti 120 na krediti moja inahesabiwa masaa 10 ya kujifunza, yani masaa 1,200 kwa mwaka, na humo ndani yamo masaa ya kukaa mwenyewe na mashine sio ya kumsikiliza mwalimu tu. Wengi hiki kipande cha mwisho hawaambiwi, wanashangaa ratiba ya darasani mbona nyepesi.

Majina ya kozi yanatofautiana: TEHAMA, teknolojia ya habari, sayansi ya kompyuta, uhandisi wa kompyuta. Tatu za kwanza zinaingiliana sana. Uhandisi wa kompyuta ndo unaegemea kwenye umeme na vifaa, na huko fizikia na hesabu huzikwepi.

2. Ina tofauti gani na VETA, au na ile kozi ya miezi mitatu ya mtaani?

VETA wana ngazi zao za NVA, kuanzia 1 hadi 3, ni ufundi stadi, mkono zaidi ya nadharia. Ni elimu halali kabisa na ukimaliza NVA 3 kuna milango inafunguka (swali la 5). Ile ya miezi mitatu ya Word na Excel ni ujuzi wa kutumia kompyuta, inakusaidia kupata kazi ya kuchapa, lakini sio ngazi yoyote ya NTA na hakuna chuo kitakachokupunguzia mwaka kwa sababu yake. Mtu akikwambia vinginevyo anataka hela yako.

3. Inachukua miaka mingapi?

Ukitokea kidato cha nne ni mitatu: NTA 4, 5, 6, mwaka mmoja mmoja. Ukitokea kidato cha sita kwa kawaida ni miwili. Ukiishia ngazi ya 4 au ya 5 unatoka na cheti cha ngazi hiyo, hujapoteza.

## Sifa na makaratasi

4. D nne zinatosha?

Kwa kuanzia NTA 4 kiwango cha chini kinachozoeleka ni ufaulu wa masomo manne, D kwenda juu, na masomo ya dini hayahesabiwi. Hapo kwenye dini ndo watu wanaumia, mtu anahesabu D nne kumbe moja ni ya dini, amebaki na tatu. Alafu D nne ni kiwango cha chini tu, chuo kinaweza kutaja masomo yake, wengine wanataka hesabu iwemo, wa uhandisi wanataka na fizikia. Kidato cha sita wanaangalia angalau principal moja na subsidiary moja.

Mahali pa kuhakikisha ni kitabu cha mwongozo wa udahili kinachotolewa na NACTVET kwenye tovuti yao, kinaonyesha chuo kwa chuo, kozi, sifa, muda na ada. Ni kikubwa ila ukitafuta jina la chuo ndani yake unapata dakika moja.

5. Sijafikisha D nne. Ndo basi?

Hapana. Unaweza kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani unafanyika Novemba na vituo vipo hata wilayani. Au unapita VETA mpaka NVA 3, ambayo programu nyingi za NTA 4 zimeiweka kama njia mbadala, ila soma masharti maana mara nyingi bado wanataka na cheti chako cha kidato cha nne.

Mimi nikiulizwa, kama umekosa somo moja risiti hilo moja. Kama umekosa karibu yote na unapenda kushika vifaa, nenda VETA, usikae nyumbani miaka miwili unasubiri muujiza wa NECTA.

6. Vyuo vipo huku huku au lazima Dar?

Huku kusini kuna taasisi za elimu, TIA wana kampasi Mtwara, Stella Maris ipo, VETA zipo Mtwara na Lindi, Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani. Lakini kuwepo kwa chuo sio kuwepo kwa kozi yako kwenye kampasi hiyo, na kozi zinaongezwa na kupunguzwa, kwaiyo fungua mwongozo wa mwaka huo uangalie jina la kampasi sio jina la chuo tu. Nimeona kijana kafurahi jina la chuo kumbe kachaguliwa kampasi ya mkoa mwingine kabisa.

Wengi wa huku wanaishia Dar (DIT, IFM, CBE), Arusha (ATC, IAA) au Mbeya (MUST). Mtwara mpaka Dar ni kama kilomita 560 na nauli sio tatizo, tatizo ni chumba na kula. Kama kozi ipo karibu na una shangazi mjini, mimi naona faida ya kubaki ni kubwa kuliko sifa ya kusomea Dar, hasa mwaka wa kwanza, hela ya geto ingenunua laptopu.

7. Nitajuaje chuo sio cha kitapeli?

Tafuta jina lake kwenye orodha ya NACTVET, alafu angalia kama hiyo KOZI imeidhinishwa, maana kuna chuo kimesajiliwa kwa kozi za afya kinakupokea kwa kompyuta bila idhini. Chuo cha serikali unalipa kwa kontroo namba. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi ulipie ada, ondoka taratibu.

Na ukishadahiliwa uliza kama jina lako limepelekwa NACTVET na limehakikiwa. Usiogope kuuliza mara mbili. Asiyehakikiwa anaweza kusoma mpaka mwisho alafu matokeo yake hayatambuliki popote.

8. Majina yangu hayafanani, cheti cha kuzaliwa Saidi, NECTA Said, NIDA Saidi Mohamedi. Nifanyeje?

Ah, hili ni letu sisi. Saidi na Said, Hamisi na Hamis, Mohamedi na Mohamed, mwalimu wa shule ya msingi aliandika alivyosikia na ikabaki hivo. Chuoni jiandikishe kwa majina ya cheti cha NECTA, herufi kwa herufi, kwa sababu udahili unavuta taarifa zako kule. Tofauti ndogo unaieleza kwa kiapo cha wakili au mahakamani. Tofauti kubwa, jina jingine kabisa, hapo unahitaji deed poll iliyosajiliwa. Fanya kabla ya kuomba mkopo (swali la 10), usisubiri dirisha linafungwa kesho.

## Hela

9. Ada tunalipaje wakati korosho bado haijauzwa?

Hili ndo swali kubwa kuliko yote huku na vyuo vya mbali hawalielewi. Vyuo vinafunguliwa kwenye Septemba na Oktoba, minada ya korosho ndo kwanza inaanza Oktoba, alafu mzigo upite AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), ghala kuu, mnada, ndo hela iingie benki kwa mkulima. Kwaiyo mwezi ule chuo kinataka ada na hosteli na bima, mzee ana korosho nyingi tu na mfukoni hana kitu.

Familia zinazofanikiwa ninazoziona zinagawanya hivi. Awamu ya kwanza ya ada inatoka kwenye ufuta, ambao mnada wake unaanza mapema, kwenye mwezi wa sita, au kwenye mbaazi zinazofuata baadae. Korosho inalipa awamu ya pili na semista ya pili. Shida ni kwamba hela ya ufuta inagombaniwa na kupulizia mikorosho, miezi ni ile ile, na mzee akiambiwa achague kati ya kupulizia na ada atapulizia, na kiukweli yuko sahihi maana asipopulizia hamna ada ya mwakani. Kwaiyo kaeni mwezi wa tano muongee, msikae mwezi wa tisa.

Pili, andika barua chuoni mapema uombe kulipa kwa awamu na taja tarehe unazoweza. Vyuo vingi vina utaratibu wa awamu mbili mpaka nne. Barua ya kabla ya deni inasomwa vizuri kuliko machozi ya wiki ya mtihani, siku ambayo asiyelipa anazuiwa mlangoni.

Na usihesabu ada peke yake. Kuna mchango wa udhibiti ubora wa NACTVET, kitambulisho, bima ya afya kama huna, hosteli, na hela ya fildi (mafunzo kwa vitendo) ambayo haiandikwi popote (swali la 15).

10. Mkopo wa bodi upo kwa diploma?

Upo, HESLB ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, ila ni kwa fani za kipaumbele, sio kila kozi. Kila mwaka wanatoa mwongozo wenye orodha. Soma orodha ya mwaka WAKO, kozi yako kama haimo usipoteze hela ya maombi.

Kama imo, cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA (wakala wa vizazi na vifo), kama umefiwa na mzazi na cheti cha kifo pia. Anza na RITA kabla dirisha halijafunguliwa. Majina yakigoma rudi swali la 8.

## Kusoma kwenyewe

11. Laptopu lazima? Ya aina gani?

Mwaka wa kwanza unaweza kujikongoja na maabara ya chuo. Kuanzia NTA 5 bila mashine yako utateseka, kwa sababu kuandika programu ni kurudia rudia mpaka usiku na maabara inafungwa jioni.

Chukua used, hamna aibu. RAM 8 GB, diski ya SSD hata ya 256, prosesa Core i5. Angalia jenereshoni: Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa mashine za Intel inataka jenereshoni ya 8 kwenda mbele. Ukipata ya zamani kwa bei nzuri weka Linux, na utajifunza vitu ambavyo wenzako watakuja kuvisoma NTA 6. Ukiwa dukani jaribu kibodi yote, iache ikae na chaji nusu saa bila waya uone betri, maana umeme ukikatika laptopu yenye betri mfu inazimika na kazi yako yote. RAM 4 GB ikatae, Android Studio haitakuelewa.

12. Bando linaniua, nasomaje?

Panga vitu visivyohitaji intaneti. VS Code ukishaipakua inafanya kazi bila mtandao, XAMPP inakupa seva na databesi ndani ya mashine yako, Packet Tracer ya Cisco unachora mtandao mzima wa ofisi bila ruta hata moja. Kozi ya CS50 ya Harvard na masomo ya freeCodeCamp ni bure, pakua video kwa bando la usiku au kwa Wi-Fi ya chuo, weka kwenye flashi, gawaneni.

Mwezi Mei 2024 kebo za baharini zilikatika tarehe 12 na nchi nzima intaneti ikawa ya kuombea, na huku kwetu siku chache nyuma kimbunga Hidaya kilikuwa kimeshatukatia barabara pale Kilwa. Waliokuwa na nyaraka ndani ya mashine waliendelea na kazi zao kama kawaida.

13. Hesabu na Kiingereza changu ni kibovu, nitaweza?

Hesabu: ya TEHAMA ya kawaida ni mantiki, seti, namba za mfumo wa mbili, takwimu kidogo. Inawezekana.

Kiingereza kina uzito kuliko hesabu, mitihani ni Kiingereza na kompyuta inakutukana kwa Kiingereza. Lakini lugha ya makosa ya programu ni maneno machache yanayojirudia. Kila ukipata kosa liandike kwenye daftari na jinsi ulivyolitatua, ukifika mwisho wa semista una kamusi yako mwenyewe. Wanaofeli sio wasiojua Kiingereza, ni wanaofunga kile kiboksi chekundu bila kukisoma.

14. Sapu, kerio, disko… nielezee.

Alama zako zina sehemu mbili, kazi za ndani ya semista na mtihani wa mwisho, mgawanyo uliozoeleka ni 40 kwa 60. Ukifeli moduli unarudia mtihani, ndo sapu. Ukifeli tena unaweza kuibeba mwaka unaofuata, ndo kerio, na GPA (wastani wa alama zako) ikishuka chini ya kiwango unaondolewa, ndo disko. Sheria ndogo ndogo kila chuo kina kitabu chake, omba siku ya kwanza.

La kuzingatia ni GPA ya 3.0, utaona kwenye swali la 18.

## Fildi na projekti

15. Fildi nifanyie wapi?

Rudi nyumbani. Kwa ndugu chumba ni bure, na sehemu zipo: vitengo vya TEHAMA vya halmashauri, hospitali, bandari ya Mtwara, mabenki, TTCL, viwanda, shule zenye maabara. Vyama vikuu vya ushirika pia, watu wanavisahau, lakini siku hizi minada inaendeshwa kidijitali kupitia TMX (soko la bidhaa) na taarifa za wakulima ziko kwenye mifumo, kwaiyo kuna kazi za kweli pale za databesi, printa na mtandao.

Peleka barua miezi miwili kabla na uipeleke mwenyewe kwa mkono, umevaa vizuri, umsalimie katibu muhtasi shikamoo yake, yeye ndo anajua barua inafia meza gani.

Ukifika kuna hatari moja, kugeuzwa mtu wa fotokopi na chai. Usinune. Omba kazi moja ndogo yenye jina lako: hesabu kompyuta zote za ofisi uzifanyie rejista, chora ramani ya mtandao wao, panga nakala rudufu za mafaili. Hakuna bosi atakayekataa na ripoti yako inajiandika. Logibuku isainiwe kila wiki, msimamizi akihamishwa wiki ya mwisho utatafuta saini mpaka Liwale.

16. Projekti naweza kununua, au kuiandikisha AI?

Za kununua zinajulikana, "mfumo wa kusimamia maktaba" ule ule umepita mikono mia, na msimamizi akikuuliza kwa nini umeweka jedwali hili hapa unabaki unamwangalia. AI itumie kukufafanulia kosa au kukupa mfano, alafu andika mwenyewe, kwa sababu unatetea mbele ya watu.

Tafuta tatizo la karibu. Daftari la mkopo la duka, foleni ya zahanati, kumbukumbu za kilo za mkulima AMCOS, usajili wa boti za wavuvi Kilwa. Projekti ya hivi unaijua ndani nje na ndo utakayoionyesha kwenye interviu.

## Ukishamaliza

17. Kazi zipo?

Serikalini, nafasi za Afisa TEHAMA daraja la pili kwa kawaida zinataka digrii. Mwenye diploma anaangalia nafasi za fundi sanifu au msaidizi kwenye Ajira Portal, zipo lakini chache na waombaji ni wengi, nisikudanganye.

Huku mtaani hali ni nyingine. Kamera za CCTV, mashine za EFD, Wi-Fi za loji, mifumo ya malipo ya maduka, shule binafsi zinazotaka mtu wa kusimamia maabara na matokeo. Steshenari yenye mtu anayejua anachofanya inajaa msimu wa mikopo na ajira. Mwenye diploma anayeweza kuvuta kebo, kupanda ngazi, na kurudi kesho yake kama alivyoahidi hakosi kazi Masasi wala Nachingwea. Hilo la kurudi kesho yake wengi linawashinda.

Cheti cha ziada kama CCNA (cha mitandao, cha Cisco) kinasaidia, lakini mtihani ni dola 300 na kinaisha baada ya miaka mitatu, kwaiyo usikimbilie kama huna kazi ya mitandao mbele yako.

18. Naweza kwenda digrii?

Ndio. TCU (tume ya vyuo vikuu) wanataka diploma yenye GPA ya angalau 3.0, na ufaulu wako wa kidato cha nne bado unaangaliwa. Unahitaji namba ya AVN (ya kuhakiki tuzo yako) kutoka NACTVET, unaomba mtandaoni na kulipia. AVN haitoki mpaka chuo kiwe kimepeleka matokeo yako, na mwenye deni la ada mara nyingi anakwama hapo. Vyuo vingi utaanza mwaka wa kwanza, usitegemee kurukia wa pili.

## Mambo ya pembeni

19. Nimeona HND ya kompyuta ya Uingereza, ni sawa na hii?

Inafanana kimaumbile tu. Ile HND ina krediti 240 na inaishia ngazi ya 5 ya kwao, ukiongeza mwaka mmoja wa kuhitimisha unapata digrii. HNC ndo nusu yake, krediti 120. Wanapima kwa Pass, Merit na Distinction, kwaiyo hamna GPA ya kulinganisha moja kwa moja. Usilinganishe namba za ngazi zao na za NTA, ni ngazi za nchi mbili tofauti. Kabla hujalipa wakala, uliza tuzo hiyo itatambuliwaje hapa. Tuzo za nje za ngazi hii zinapelekwa NACTVET kutathminiwa.

20. Nikisoma usalama wa mitandao naruhusiwa kujaribu mfumo wa chuo?

Bila kibali cha maandishi, hapana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo bila idhini kama kosa, haijalishi ulikuwa unajifunza. Jenga maabara yako kwenye mashine pepe, vunja vya kwako. Na ukiwa fildi hospitali usitoke na taarifa za wagonjwa kwenye flashi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

21. Nimepata ujauzito, au naumwa, katikati ya masomo.

Usipotee kimya kimya. Omba kuahirisha kwa maandishi ukiambatanisha cheti cha daktari, chuo kikupe barua ya majibu, itunze. Ukirudi unaendelea ulipoishia. Aliyeondoka bila barua anahesabika mtoro, na kumrudisha ni safari ndefu.

22. Nataka kuhama chuo nirudi karibu na nyumbani.

Inawezekana kama chuo unachoenda kina kozi inayolingana kwenye ngazi hiyo hiyo na nafasi ipo. Rahisi zaidi ni kuhama ukimaliza ngazi, tuseme umemaliza NTA 4 unaenda kuanza 5 kwingine, kuliko katikati ya semista. Unahitaji barua ya chuo cha kwanza kukuruhusu, matokeo yako rasmi, barua ya kukubaliwa chuo cha pili, na mabadiliko yapite NACTVET. Deni la ada likiwepo barua ya kwanza haitoki, kwaiyo kama ndo lililokukwamisha anza na swali la 9.